Mabano

Siku ya kwanza kazini, kule milimani,
siku nzima ya basi kutoka Lima,
Hakimu Barrenechea alinipa kalamu, rundo la karatasi,
na sheria moja:
"Andika lililosemwa. Kilio si neno."

Nikaandika.
Bi Saturnina Ccorahua, miaka sitini na miwili, mfugaji,
aliulizwa amepoteza alpaka wangapi
mgodi ulipofungulia maji yake machafu mtoni.
Akaanza kuwaita.
Hakuwahesabu. Aliwaita
kama wanavyoitwa jioni warudi zizini,
mmoja mmoja, kwa Kikechua,
na mkalimani, kijana Fortunato, alipofika jina la nne
akasita: "Mheshimiwa, hili halina Kihispania."
"Idadi tu," alisema hakimu.
"Thelathini na mmoja."
Nami nikaandika thelathini na mmoja,
na majina yakabaki yanazunguka chumbani,
hayana pa kulala.

Ndipo mama akapiga meza.
Kofi moja, la kiganja kilichozoea sufu.
Glasi ya hakimu ikaruka.
Wakili wa kampuni akasimama:
"Shahidi ana jazba, Mheshimiwa. Ushahidi wa jazba
ni mizani iliyotundikwa kwenye upepo."
Maneno mazuri. Niliyaandika yote.

Lakini mwandishi hukaa kwenye kistuli,
na akaaye chini huona miguu.
Goti la wakili lilikuwa likitetemeka.
Hofu ile, hofu ya simu kutoka makao makuu,
kwenye hati zake iliitwa tahadhari.
Hakimu alikuwa ameshavua kiatu kimoja;
uchovu wake uliitwa utulivu wa mahakama.
Hasira ya Saturnina peke yake
ndiyo iliyoitwa kwa jina lake la kuzaliwa.

Nyumbani nikamweleza mume wangu Eleuterio,
mwalimu wa uraia, ambaye kila Machi
huwachorea watoto mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni.
"Haki ni kipofu," akasema.
"Kipofu, sawa. Nani aliyesema ana ganzi pia?"

Akaendelea kumenya viazi.
Kisha, bila kuinua macho:
"Unamkumbuka Mamerto?"

Namkumbuka.
Mji mzima ulilia siku ile, kilio cha kweli,
mtoto wa watu hajulikani aliko,
na kwa machozi yale yale tukamfunga Mamerto kwenye nguzo ya uwanja,
Mamerto muuza barafu ya kukwangua.
Mtoto alikutwa kwa shangazi yake, kijiji cha pili, amelala.
Mimi nami nilirusha.
Jiwe dogo. Lakini nilirusha,
na moyo wangu haukuwa na shaka hata chembe:
ulidunda haki, haki, haki.

Kwa hiyo siusifu moyo. Naujua.
Moyo ni shahidi, na shahidi huweza kuapa uongo.
Ila shahidi akishukiwa, si anahojiwa zaidi?
Tangu lini akatolewa nje, mlango ukafungwa,
na kesi ikaendelea kana kwamba hakuona kitu?

Asubuhi nikarudi kwenye kistuli changu.
Saturnina aliulizwa thamani ya mnyama mmoja, kwa soli.
Alimtazama hakimu muda mrefu
(nilitazama saa: dakika moja na nusu)
na hakukuwa na chuki usoni mwake.
Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo
ndani ya nyumba isiyo na mahali pa kuutua.

Kilio si neno. Kunyamaza nako si neno.
Nikafungua mabano.
Nikaruka mistari thelathini na mmoja.
Nikayafunga.

Jioni hakimu alikuja kutia sahihi.
Kidole chake kikateremka ukurasa, kikafika pale,
kikasimama.
"Hii ni nini?"
"Ni ushahidi, Mheshimiwa. Bado haujahojiwa."

Hakutia sahihi. Hakuuchana ukurasa.
Aliinama chini ya meza, akapapasa,
akakitafuta kiatu chake.